Kamera Moja, Kamera Tatu: Nani Anamsubiri Nani?

Kamati ya harusi ikifika kwenye kipengele cha video, kikao huchangamka. Bei ya kwanza mezani imeandikwa "kamera mbili". Ya pili, "kamera tatu na droni". Ya tatu ni ya kijana anayekuja na kamera moja tu, lakini bei yake imewapita wote. Mjomba anauliza swali la haki kabisa: mtu mmoja mwenye kamera moja anakuwaje ghali kuliko watatu wenye kamera tatu?

Mkanganyiko huo huo unazunguka mitandaoni kila tamthilia mpya inapoanza. Hii "imepigwa kama filamu", ile "kama igizo la jukwaani", na hakosi mtu wa kuhitimisha kwamba wale wa kwanza lazima walikuwa na kamera nyingi. Mara nyingi ni kinyume chake.

Tuanze na maana. Kwa watu wa filamu na televisheni, "kamera moja" ni jina la namna ya kufanya kazi. Unapiga picha ya upande mmoja, unasimamisha, unahamisha kamera na taa, waigizaji wanarudia yale yale, unapiga upande wa pili. Vipande hivyo, yaani shoti, vinaunganishwa baadaye kwenye uhariri. "Kamera nyingi" ni pale kamera mbili, tatu, nne au zaidi zinapopiga jambo moja kwa wakati mmoja, kila moja kwenye kona yake, na jambo lenyewe linakwenda bila kukatizwa. Ukitaka kuzitofautisha, usihesabu vifaa. Angalia nani anamsubiri nani. Kwenye kamera moja, tukio linaisubiri kamera. Kwenye kamera nyingi, kamera ndizo zinazolisubiri tukio.

Ndiyo maana harusi huhitaji kamera kadhaa. Bibi harusi haambiwi arudi mlangoni aingie upya kwa sababu taa haikukaa vizuri (wapo wapiga picha wanaojaribu, na wapo mama wakwe wanaowajibu ipasavyo). Pete inavishwa mara moja. Ukiwa na kamera moja iliyokazia kidole, basi uso wa mama mzazi aliyekuwa akilia safu ya kwanza umeukosa, na haurudi. Mechi ni hivyo hivyo, na ibada, hotuba, mdahalo, tamasha. Jambo lisilorudiwa linataka macho mengi.

Sasa yule kijana wa kamera moja. Ukimsikiliza vizuri utagundua kwamba hauzi video ya ukumbini tu. Anataka awachukue maharusi siku nyingine, awapeleke ufukweni jua likiwa linazama, watembee, warudi, watembee tena, yeye akipiga mara kwa miguu, mara kwa mbali, mara kwa nyuso. Halafu akae na picha hizo wiki kadhaa akizikata. Bei yake ni ya siku na uhariri. Kamera yenyewe ni sehemu ndogo ya hesabu, na hivyo ndivyo ilivyo hata kwenye kampuni kubwa za filamu: kukodi kamera ya pili ni nafuu kuliko kulipa watu hamsini kwa siku moja ya ziada.

Ili kuona tofauti kwa karibu, chukua onyesho fupi la tamthilia. Mama na mwanawe wako mezani. Kuna chai na mkate. Kijana anataka kumwambia mama yake kwamba ameacha chuo. Mazungumzo ni ya dakika moja na nusu.

Kwa kamera moja, mwongozaji ataanza na shoti pana inayowaonyesha wote wawili, na watalicheza onyesho zima. Kisha kamera inahamia nyuma ya bega la mama, ikimtazama kijana. Wanacheza tena zima. Kamera inasogea hadi uso wa kijana peke yake. Tena. Halafu inakuja kazi inayokula asubuhi: kugeuka. Kamera sasa inamtazama mama, na kila kilichokuwa kimejificha nyuma yake, yaani taa, stendi, nyaya, masanduku, pamoja na yule msaidizi aliyekaa kwenye ndoo, kiko ndani ya picha. Vyote vinahama. Taa zinapangwa upya kwa ajili ya uso wa mama. Wanacheza tena, kwa mbali, kwa karibu. Mwisho inapigwa shoti ya kikombe peke yake, mkono ukikirudisha kwenye kisahani.

Na mkono huo una kesi yake. Kama kwenye shoti pana mama alinyanyua kikombe kwa mkono wa kulia alipolisikia neno "chuo", lazima akinyanyue kwa mkono ule ule, kwenye neno lile lile, kila shoti, na chai iwe kimo kile kile. Kuna mtu analipwa kuangalia hayo tu, mtunza mwendelezo, akiwa na daftari na picha alizopiga kwa simu. Akisinzia, mtazamaji atakuta kikombe kinajijaza chenyewe katikati ya ugomvi, na kesho yake kitakuwa kichekesho mitandaoni.

Kwa nini basi watu wajitese? Kwa sababu kila shoti imepangiwa mwanga wake. Kamera inaweza kuingia katikati ya watu wawili, mahali ambapo kamera ya pili ingeonekana mara moja. Chumba kinaweza kuwa chumba kweli, chenye kuta nne na dirisha linalotazama uani. Mwigizaji anaweza kunong'ona. Na mhariri, baadaye, anaweza kuamua kwamba mama asijibu kwa sekunde nne nzima, hata kama siku ya kupiga alijibu papo hapo. Ukimya ule unatengenezwa mezani kwa mhariri.

Onyesho hilo hilo kwa kamera tatu linapigwa studioni, kwenye seti yenye kuta tatu. Ukuta wa nne haupo, kamera zimepanga foleni mahali pake. Meza imegeuzwa ili asiwepo mtu wa kukaa upande wa mbele, maana angezipa kamera mgongo. Hapo ndipo penye kipimo rahisi kuliko vyote unachoweza kukitumia ukiwa sebuleni kwako. Tazama familia ya kwenye vichekesho vya studioni ikila: watu watano watajibana upande mmoja wa meza na pembeni, na viti vya mbele havina mtu, mwaka mpaka mwaka. Hakuna familia inayokula hivyo.

Kamera ya kushoto inamchukua aliyekaa kulia, ya kulia inamchukua aliyekaa kushoto, ya kati inashika wote. Mwongozaji yuko chumba kingine, mbele ya ukuta wa skrini, akiona kamera zote pamoja na akizungumza na wapiga picha kwa hedifoni: "Mbili, kaa tayari. Mbili!" Msaidizi anabonyeza, na taa ndogo nyekundu inawaka juu ya kamera namba mbili, kila mtu studioni ajue ndiyo iliyo hewani. Kijana anasema, mama anajibu, wanakatizana maneno kama watu wanavyokatizana nyumbani, na nyuso zote mbili zimenaswa katika sekunde ile ile. Kikombe hakina kesi, kimenyanyuliwa mara moja tu. Dakika mbili baadaye onyesho limekwisha, watu wanahamia seti ya jirani.

Usidhani kwamba kazi imepungua. Imehamia mbele. Ni kama mpishi wa shughuli ya watu 300: vitunguu vyote vimekatwa, nyama imeoshwa, viungo vimepimwa kabla moto haujawashwa, kwa sababu wageni wakishakaa hakuna tena nafasi ya kutafuta iliki. Waigizaji wa kamera nyingi hufanya mazoezi kwa siku kadhaa, na kila kamera inapangiwa shoti zake kwa namba. Vichekesho vya nusu saa vya Marekani vya namna hii kwa kawaida hufanyiwa mazoezi karibu wiki nzima, kisha vinarekodiwa kwa siku moja au mbili. Vya kamera moja, urefu ule ule, huchukua takriban siku tano za kupiga mfululizo.

Gharama halisi ya kamera nyingi iko kwenye taa. Ukimwekea kijana taa nzuri kwa ajili ya kamera ya kushoto, kivuli chake kinaweza kuangukia uso wa mama kwa kamera ya kulia. Ukiweka stendi chini, kamera ya kati itaiona. Kwa hiyo taa zinapanda juu, zinaning'inizwa darini, na mwanga unamwagwa karibu sawa kila mahali. Kila mtu anaonekana vizuri, hakuna anayeonekana kwa namna ya pekee. Ule mwonekano watu wanaouita "kama igizo" ni huo. Tatizo si kamera duni. Kamera za studio zinaweza kuwa za bei kubwa kuliko zile zilizopiga filamu uliyoisifia jana.

Mfano mzuri ni familia moja ya vipindi vya vichekesho vya Marekani. The Big Bang Theory, kilichoonyeshwa kuanzia mwaka 2007 hadi 2019, kilipigwa kwa kamera nyingi mbele ya watazamaji. Young Sheldon, kinachosimulia utoto wa Sheldon, mhusika wa kipindi hicho, kilianza 2017 kwa mtindo wa kamera moja: bila vicheko vya watazamaji, jua la Texas likiingia dirishani, kamera ikimfuata mtoto korido hadi korido. Kilipokwisha mwaka 2024, ukafuata mwendelezo wa kaka yake Sheldon, Georgie & Mandy's First Marriage, na ukarudi studioni, kamera nyingi, watu wakicheka. Kaka huyo huyo, mwigizaji huyo huyo. Aliyezoea Young Sheldon huona kama ameingia nyumba nyingine, na hajui kwa nini. Kilichobadilika ni mfumo.

Hapo inafaa kuliondoa wazo kwamba kamera nyingi ni uvumbuzi mpya wa watu wenye pesa. Filamu za mwanzo kabisa zenye maneno, kuanzia mwaka 1927, zililazimika kutumia kamera kadhaa kwa sababu ya sauti. Sauti ilirekodiwa kwenye santuri, na santuri haikatwi wala kuunganishwa. Ukikatiza onyesho, umeharibu sauti yote. Basi waongozaji wa Hollywood wakapiga onyesho zima kwa mpigo mmoja, kamera kadhaa, na kwa kuwa kamera zenyewe zilikuwa zikiguruma, wakazifungia pamoja na wapiga picha wake ndani ya vibanda visivyopitisha sauti, vyenye joto la kutisha. Sauti ilipoanza kuhaririwa na kamera zikapatiwa vifuniko vya kuzinyamazisha, filamu zikarudi haraka kwenye kamera moja.

Televisheni nayo ilizaliwa ikiwa na kamera nyingi kwa kulazimika tu. Kabla ya kampuni ya Ampex kuleta mashine ya kurekodi kwa utepe mwaka 1956, vipindi vingi vilirushwa vikiwa vinachezwa. Huwezi kusimamisha kuhamisha taa wakati watu wanakutazama majumbani.

Mpangilio tunaoujua leo ulipata umbo mwaka 1951. CBS, kampuni ya televisheni ya Marekani, ilitaka waigizaji Lucille Ball na mumewe Desi Arnaz wafanyie kipindi chao cha vichekesho, I Love Lucy, huko New York, moja kwa moja. Wao walitaka kubaki California. Lakini kipindi kikirushwa kutoka magharibi, watazamaji wa mashariki, ambao ndio waliokuwa wengi, wangepata nakala hafifu iliyopigwa kwa kuielekeza kamera ya filamu kwenye kioo cha televisheni. Wakakubaliana kutumia filamu halisi ya milimita 35, kamera tatu kwa pamoja, mbele ya watazamaji wapatao 300. Taa wakamwachia Karl Freund, mpiga picha aliyejijengea jina Ujerumani na aliyekuwa mmoja wa waliopiga filamu ya Metropolis (1927). Bwana aliyezoea vivuli vizito akapewa kazi ya kuviondoa. Akatundika taa juu, sakafu ikabaki wazi kamera zitembee. I Love Lucy kilianza kuonyeshwa tarehe 15 Oktoba 1951. Hawakuwa wa kwanza kutumia kamera kadhaa za filamu kwenye televisheni, lakini mpangilio wao ndio ulioenea. Na kwa kuwa kila kipindi kilibaki kwenye filamu safi, kiliweza kurudiwa tena na tena, jambo lililowatajirisha wenyewe.

Kuna watu wanaoamini kwamba vicheko vyote vya kwenye vichekesho ni vya mashine. Siyo. Wale 300 walikuwa watu, na waigizaji walijifunza kungoja kicheko kipungue kabla ya kusema sentensi inayofuata. Lakini mashine nayo ilikuwepo: Charley Douglass, mhandisi wa sauti wa Marekani, aliiunda miaka ya 1950, ikiwa na vicheko vilivyorekodiwa vya kuchagua kwa vitufe. Ilitumika kuongezea vicheko halisi, na ilitumika hata kwenye vipindi vya kamera moja ambavyo havikuwa na mtazamaji hata mmoja studioni. M*A*S*H (1972 hadi 1983), kipindi cha vichekesho kuhusu madaktari wa jeshi vitani, ni mfano maarufu. Kilipigwa kwa mtindo wa filamu, CBS ikashinikiza vicheko viwekwe, watengenezaji wakapata ruhusa ya kuviondoa kwenye maonyesho ya chumba cha upasuaji. Waingereza waliokitazama BBC walikiona kwa sehemu kubwa bila vicheko, wakadhani ni kipindi cha huzuni chenye utani. Kwa maoni yangu wao ndio waliokiona sawasawa.

Uongo mwingine ni kwamba kamera moja maana yake ni shoti moja isiyokatwa. Shoti moja ndefu ni kitu cha peke yake na ni nadra. Adolescence, tamthilia ya Uingereza ya mwaka 2025 yenye sehemu nne, ilipiga kila sehemu kwa shoti moja tangu mwanzo hadi mwisho, kamera ikipokezanwa mikononi. Kifaa ni kimoja, lakini ukitumia kipimo chetu utaona kwamba pale kamera ilikuwa ikilikimbiza tukio bila kusimama, na mwigizaji akikosea dakika ya arobaini, wote wanaanza upya. Kwa roho yake iko karibu zaidi na matangazo ya mpira kuliko filamu ya kawaida.

Kinyume chake pia kipo. The Office ya Marekani, tamthilia ya vichekesho iliyoanza 2005, huhesabiwa kuwa ya kamera moja, ingawa kwa kawaida ilipigwa na kamera mbili. Haikuwa na ukuta wa nne uliofunguliwa wala watazamaji wala taa za studio, na ilikatwa mezani. Filamu za mapigano nazo huweka kamera kadhaa pale ambapo nyumba italipuliwa, kwa sababu nyumba hailipuliwi mara mbili. Mwongozaji wa Kijapani Akira Kurosawa alifanya hivyo kwenye vita vya mvua vya filamu yake Seven Samurai (1954). Huwezi kumwambia farasi aanguke kwenye tope lile lile tena. Alivyoona matokeo, akaendelea na kamera nyingi kwenye filamu zake zilizofuata, hata maonyesho ya watu wamekaa kimya.

Mpira unastahili aya yake, kwa kuwa ndipo wengi wetu tunapokutana na kamera nyingi kila wiki. Kwenye Kombe la Dunia la Qatar mwaka 2022, chumba cha VAR, yaani cha waamuzi wasaidizi wa video, kiliunganishwa na kamera 42 za matangazo. Hata hivyo, ukitazama mechi yoyote, iwe ya huko au ya Simba na Yanga pale Uwanja wa Benjamin Mkapa, kamera kuu zote ziko upande mmoja wa uwanja. Sababu ni mstari wa kufikirika unaopita katikati ya tukio. Kama Simba wanashambulia kuelekea kulia, na ghafla ukakata kwenda kamera iliyo upande wa pili, wataonekana wanashambulia kushoto, na kwa sekunde moja utadhani wamenyang'anywa mpira. Kamera za upande wa pili hutumika kwa marudio, na hata hapo kituo makini hukuandikia kwenye kioo kwamba hii ni picha ya upande wa pili. Sheria hiyo hiyo inatawala mama na kijana mezani. Kamera zikivuka mstari kati yao, wataonekana wote wanatazama upande mmoja, kama abiria wa daladala.

Siku hizi mipaka imelegea, na podikasti ndizo zinazoonyesha vizuri zaidi. Vijana wa Dar na Nairobi wanaweka kamera tatu, wakati mwingine simu tatu, kila moja ikirekodi kivyake, hakuna mtu wa kubonyeza chochote wakati mazungumzo yakiendelea. Wanapiga kwa kamera nyingi, wanakata kwa utulivu wa kamera moja. Mwanzoni mtu anapiga kofi moja kubwa mbele ya wote. Programu ya uhariri inalitafuta kofi hilo kwenye sauti za kamera zote tatu na kuzilinganisha. Sauti ya kusikilizwa inatoka kwenye mikrofoni za mezani.

Kinachowaangusha wengi ni rangi. Kila kamera ikiachwa ijichagulie rangi kwa mpango wake yenyewe, mgeni huyo huyo atakuwa wa kahawia kwenye shoti pana, mwekundu kwenye ya karibu, na wa kijivu ya tatu ikikatwa. Dawa haihitaji kununua kifaa kipya. Karatasi moja nyeupe inashikwa mbele ya mgeni, kamera zote zinapimwa kwayo chini ya taa zile zile, mpangilio wa kujiendesha unazimwa, na dirisha lenye pazia jepesi linafunikwa kabisa, kwa sababu wingu likipita nje saa tisa alasiri litabadilisha kamera moja na kuziacha mbili.